Gesti ya Tarawa Kaskazini: pa kulala kawaida, matembezi ya mimea ni moto

Niseme mapema, kama we ni mtu wa AC na waifai pita hivi. Hii gesti iko Tarawa Kaskazini, Kiribati, nchi ya visiwa huko Bahari ya Pasifiki, unalala kwenye buia, kibanda cha nguzo hakina kuta, paa la majani ya mkadi, upepo unapita na mbu nao wanapita, chandarua nilichopewa kina tundu la kuingiza ngumi. Kuoga ndoo, maji ya kisima yana kachumvi. Malipo kesh, dola za Australia.

Nyota nne zangu zote ni za matembezi. Msitu usitegemee, atoli, yani kisiwa cha matumbawe kinachozunguka wangwa, ni mchanga wa matumbawe mtupu na ardhi yake ni nyembamba, mto hakuna, mvua ikinyesha maji yanazama mchangani, yanakaa yanaelea juu ya maji chumvi yaliyo chini zaidi, na kila mmea unategemea hayo hayo. Ndo maana babai, magimbi yao makubwa, hawayapandi juu, wanachimba shimo mpaka wayakute maji. Tulishuka kwenye moja jamani, jani limenipita kichwa! Kila shina limezungushiwa kikapu cha kusuka kisicho na kitako, wanajaza majani yaliyokatwakatwa na udongo mweusi, yani udongo wanautengeneza wenyewe maana mchanga ule hauna rutuba kabisa. Shimo la jirani majani yamegeuka njano yote, bahari ilivuka ikaingia, na likishaingia chumvi babai inakufa.

Mkadi nao kumbe unalika, sisi pwani tumezoea maua yake ya kunukia, wenzetu wanatafuna tunda, tamu ila nyuzi zinabaki kwenye meno mpaka kesho. Jioni mgema akapanda mnazi huku anaimba, akashuka na karewe, hiyo ni tembo tamu tu, watu wa Pemba na Kilifi mtajisikia kwenu. Na shelisheli la kuchoma walilotupa usiku, aah, hapo sina neno.

Nyota moja nimekata kwa sababu matembezi wanachaji pembeni na hawakusema mpaka siku ya kuondoka, hiyo sijaipenda. Ukienda ulizia bei kwanza, vaa viatu vya kufunga matumbawe yanakata, na muulize mwenyeji saa za maji kupwa maana kuna sehemu mnavuka kwa miguu.