Independence Hall, Philadelphia: usifuate karatasi, fuata kiti

Wageni wengi huja hapa wakitarajia kuiona Katiba ya Marekani yenyewe. Haipo. Kurasa zake nne za ngozi, pamoja na Azimio la Uhuru, zimehifadhiwa Washington. Philadelphia umebaki ukumbi ilimoandikwa Katiba hiyo.

Kiingilio ni bure, ila kwa sehemu kubwa ya mwaka unatakiwa uwe na tiketi yenye saa. Kuihifadhi mtandaoni ni dola 1 kwa kila mtu. Fika dakika 30 kabla, kwani foleni ya ukaguzi ndiyo inayowaponza watu. Haja zako zimalize kwenye kituo cha wageni, kona ya mtaa wa 6 na Market. Ukishakaguliwa, choo usikitegemee.

Ziara yenyewe ni fupi: chumba cha mahakama, kisha chumba cha mkutano. Meza za vitambaa vya kijani zisikuchukulie muda. Samani nyingi ni za enzi ile, lakini si zile zilizotumika. Macho yaelekeze mbele, kwenye kiti chenye nusu jua lililochongwa juu ya egemeo. Hicho ni chenyewe, kazi ya fundi John Folwell ya mwaka 1779. George Washington alikikalia tangu Mei hadi Septemba 1787 akiongoza mkutano wa katiba, madirisha yamefungwa kiangazi kizima ili siri isivuje. Wajumbe wa majimbo walitumwa kurekebisha mkataba wa shirikisho, yaani makubaliano yaliyoyaunganisha majimbo kabla ya katiba, uliolinyima Bunge hata uwezo wa kutoza kodi. Wao wakaandika katiba mpya. Kati ya 55 waliohudhuria, 39 walitia saini. Jimbo la Rhode Island halikutuma mtu. Muulize mwongozaji kwa nini, katika kugawa viti vya Bunge, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Hapo ndipo utakapojua kama umepata mwongozaji hodari au kasuku.

Kengele ya Uhuru, ng'ambo ya barabara, haina tiketi, na ufa wake umekwisha kuuona kwenye picha. Kinachopuuzwa bila sababu ni Congress Hall, jengo la pembeni, ambamo Bunge lilikutana kuanzia 1790 hadi 1800. Machi 1797 John Adams aliapishwa humo kuwa rais wa pili, akishuhudiwa na Washington, rais wa kwanza, aliyekuwa amekataa kugombea tena. Kwa maoni yetu, katiba ilipimwa zaidi siku hiyo, madaraka yalipopokezanwa kwa amani, kuliko siku ya saini. Panda pia ghorofani kwenye ukumbi wa Seneti. Jengo limo ndani ya uzio uleule, kwa hiyo liingie kabla hujatoka. Ukitoka, foleni inaanza upya.