Mpira wa maji ya moto badala ya hita, uzoefu wangu kwenye baridi la Uyole

Jamani baridi la Uyole, huku kwetu Mbeya, mwezi wa sita mpaka wa nane wenye kulijua wanalijua. Mchana jua linawaka vizuri hata sweta unavua, ila likishazama tu hali inabadilika, maana kipupwe usiku mbingu inakuwa nyeupe hamna mawingu na joto lote la ardhini linapaa juu. Na nyumba zetu nyingi huku ni bati, nyingine hazina hata siling bodi, kwahiyo ikifika saa tisa usiku umevaa soksi na kofia na bado miguu haipati moto.

Nachotaka kuwaambia leo ni huu mpira wa maji ya moto, ule wa raba wenye kizibo cha kuzungusha, wengine wanautumia hospitali kwa maumivu ya tumbo. Nimenunua miwili pale Mwanjelwa ya lita mbili mbili, mmoja wangu mmoja wa mama. Kabla ya hapo tulikuwa na hita ya umeme ya wati 2000 aliyotuachia shemeji alipohamia Dar, na hita yenyewe nzima wala sina ubaya nayo, shida ni hesabu. Wati 2000 maana yake inakula uniti 2 kila saa. Washa kwa muda wa masaa matatu kila usiku ni uniti 6, mwezi mzima ni 180. Sisi tupo kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, uniti 75 za kwanza shilingi 100 kila moja na zinazozidi hapo 350, na nyumba yetu bila hita inatumia kama 60 hivi. Sasa ongeza 180 uone, zinazozidi zinakuwa 165, mara 350 ni 57,750 na hapo kodi bado haijawekwa. Hiyo ni hela ya magunia ya mkaa! Na utasema hita ikishafika joto lake itajizima yenyewe, haijizimi ng'o kama chumba hakina siling, joto linapanda linagonga bati linatoka nje na yenyewe inaendelea kuunguruma tu.

Mpira ni kinyume chake kabisa, haupashi chumba, unakupasha wewe ndani ya blanketi ambako joto halina pa kukimbilia. Maji yanatunza joto sana, nikiuweka kitandani saa tatu usiku mpaka alfajiri bado una uvuguvugu. Kuchemsha maji ya mpira mmoja kwa birika la umeme haifiki hata robo uniti, kwahiyo miwili kila siku kwa mwezi haizidi uniti 15. Na siku umeme ukikatika nabandika sufuria kwenye jiko la mkaa lililobaki na moto wa ugali, hukohuko nje barazani.

Na hapo kwenye jiko naomba mnisikilize vizuri. Kuingiza jiko la mkaa chumbani mkalala nalo ACHENI kabisa. Mkaa ukishashika ukawa mwekundu hauna moshi watu wanaona ndo salama, lakini ndo unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu anasinzia na haamki tena. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa hivyo. Hakuna baridi la kukufanya ufike huko.

Matumizi ya mpira yana utaratibu wake. Maji yakichemka yaache kidogo yapoe, yale yanayotokota yanaua raba haraka. Jaza theluthi mbili tu, kisha ulaze taratibu hewa itoke mpaka uone maji yamefika mdomoni ndo ufunge. Usiuweke kwenye ngozi mtupu, vesha kava au zungushia taulo, na kitoto kichanga usikilaze nao. Halafu wakati wa kununua angalia karibu na mdomo, mingi ina alama kama ua lenye petali 12, namba ya katikati ni mwaka uliotengenezwa na petali ni miezi. Raba inazeeka hata kama haijatumika, ukikuta una miaka mitatu umekaa juani kwenye meza ya muuzaji uache. Watengenezaji wenyewe wanashauri ubadilishe baada ya miaka kama miwili.

Mama yangu ana kisukari na miguu yake haisikii moto vizuri, anaweza kuungua asijue. Kwahiyo wake tunautanguliza kitandani kama nusu saa, nikienda namwambia "mama, kitanda kimeshapata moto, nautoa mpira", ananijibu "haya mwanangu, Mungu akubariki" ndo anapanda. Yeye ni mtu wa Makete kule kwenye barafu ya asubuhi kwenye majani, na bado anasema mwaka huu amelala.

Ila mpira peke yake hautoshi kama kitanda kiko wazi. Vitanda vyetu ni vya chaga, unajifunika mablanketi matatu juu huku baridi inapanda toka uvunguni, kwahiyo blanketi moja tandika chini ya shuka, utashangaa. Chini ya mlango tumeshona kimfuko kirefu tumejaza nguo kuukuu, tunaziba usiku. Na mwenye uwezo aanze na siling bodi hata ya chumba kimoja cha kulala, hiyo unatoa hela mara moja basi, wakati hita unailipia kila mwezi.

Nyota naipa 4 kwa 5. Moja nimeitoa kwa sababu ule wa pili ulikuja na kava jepesi mno, joto linapenya mpaka linachoma, na harufu ya raba ilichukua muda kuisha. Kava nimemshonesha fundi wa mtaani kwa kipande cha sweta la mtumba na sasa uko vizuri.