TAHADHARI: Triga za AR-15 "zilizolainishwa" zinazouzwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, Texas

Ndugu zangu mlioko Texas na majimbo ya jirani, hasa mnaopenda kwenda kulenga shabaha wikendi: kuna jamaa anauza triga (vifyatulio) za AR-15, bunduki inayotakiwa kutoa risasi moja kwa kila mvuto, kwenye makundi yetu. Anasema ni mpya, za kampuni kubwa, ila amezilainisha mwenyewe ziwe nyepesi, na bei yake haifiki hata nusu ya ile ya dukani. Anaongea Kiswahili kizuri, anakuita kaka, anakutumia video ya bunduki ikipiga bila tatizo. Anataka pesa kwa Zelle kwanza, mzigo baadaye. Msinunue. Aliyekwisha kununua, tafadhali bunduki hiyo usiipige tena mpaka ikaguliwe na fundi mwenye leseni.

Shemeji yangu alinunua. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo ubaya wa mchezo huu ulipo. Siku moja tuko uwanjani, akavuta mara moja, zikatoka risasi mbili. Ya kwanza ilipiga ubao. Ya pili ilitoka mtutu ukiwa umeshapanda, ikaingia juu kabisa kwenye tuta la udongo. Ingepanda kidogo tu zaidi, ingevuka tuta. Msimamizi wa uwanja alisimamisha watu wote, magazini ikatolewa, chemba (inapokaa risasi) ikakaguliwa, bunduki ikarudi kwenye begi. Alifanya sawasawa. Risasi mbili kwa mvuto mmoja si jambo la kusema "ngoja nijaribu tena nione".

Muuzaji alipopigiwa simu akajibu, "Ni kidole chako, hujazoea triga nyepesi." Jibu hilo linawanyamazisha wengi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Ukipiga ukiwa umekaa mezani, kitako hakijakaza begani na triga ni nyepesi, bunduki inaruka nyuma na kurudi mbele, na kidole kinajikuta kimevuta tena bila wewe kujua. Hilo hutokea. Lakini kuna namna ya kutofautisha kidole na ubovu, na haihitaji risasi hata moja.

Toa magazini, hakikisha chemba haina kitu kwa macho na kwa kidole, elekeza mtutu mahali salama. Koki. Vuta triga, nyundo (chuma cha ndani kinachogonga ili risasi itoke) ianguke, na usiiachie triga. Ukiwa bado umeishikilia nyuma, vuta mkono wa kukoki mpaka mwisho na uuachie. Sasa achia triga polepole: unatakiwa usikie "tik" ndogo, na nyundo ibaki juu. Ukivuta tena ndipo ianguke. Kama nyundo imeanguka wakati unaachia triga, au haikubaki juu kabisa, tatizo ni la chuma, si la kidole. Rudia mara kadhaa, kwa sababu ubovu wa namna hii huja na kupotea. Na hata ikifaulu kila mara, bunduki iliyokwisha kupiga mbili mbili iende kwa fundi tu.

Ya shemeji ilifeli. Fundi aliifungua akatuonyesha: kwenye ukingo unaoshika nyundo kulikuwa na michirizi ya tupa, inaonekana kwa macho kabisa. Ukingo ule kiwandani hufanywa mgumu sehemu ya juu tu. Ukiusugua, ile ngozi ngumu inaondoka na chuma laini kinabaki kikibeba kazi. Siku za kwanza triga inakuwa tamu, kisha chuma kinalika mpaka nyundo inaponyoka. Kwa hiyo video ya muuzaji inaweza kuwa ya kweli na bado isithibitishe chochote.

Halafu muuzaji akaleta ombi lililonitia hasira zaidi: tumtumie bunduki nzima huko aliko, jimbo jingine, aitengeneze kwa malipo kidogo. Msifanye hivyo kamwe. Sheria ya Marekani hairuhusu raia wa kawaida kumtumia bunduki mtu asiye na leseni aliye jimbo jingine. Na anayefanya biashara ya kutengeneza bunduki lazima awe na leseni ya shirikisho (FFL). Mwombeni namba yake ya leseni muihakiki kwenye tovuti ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, sehemu ya FFL eZ Check. Tulipomwomba sisi, alikata simu.

Msilichukulie hili kama hasara ya pesa tu. Bunduki inayotoa zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja, sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa bunduki ya rashasha, na adhabu yake hufika miaka 10 jela. Mwaka 1994, katika kesi ya Staples, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mwenye bunduki alijua inapiga hivyo. Basi ukishaona imepiga mbili halafu ukaendelea kuitumia, au ukamwazima rafiki, utasema hukujua? Mtu mmoja wa Wisconsin, Olofson, alimwazima mwenzake AR-15 iliyokuwa ikipiga mfululizo, akahukumiwa miezi 30. Alijitetea kuwa ni hitilafu tu, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 2009. Sisi wenye green card tuna la ziada, maana kosa la silaha ni sababu ya kurudishwa kwetu.

Mwenye triga ya muuzaji huyu ambayo hajaifunga, asiifunge. Hifadhini ujumbe wake wote, picha na risiti za Zelle, kisha ripotini benki na polisi. Amekwisha kubadilisha namba ya simu, kwa hiyo msimtafute kwa namba. Mtamtambua kwa video ileile na lile neno lake, "nimezilainisha mwenyewe".