TAHADHARI: jeki za umeme (linia aktueta) zenye stika juu ya stika, mnaoagiza mkiwa Mwanza someni hapa

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie wa Mwanza, Musoma na Bukoba mnaopenda kujitengenezea vitu nyumbani, kuna muuzaji anazungusha linia aktueta, zile jeki za mota zinazosukuma na kuvuta kama za madishi makubwa ya zamani, na namba anazoandika ni za uongo. Kanila laki moja na themanini na tano, ila hela siyo kinachoniuma.

Mama yangu amepooza upande mmoja tangu mwaka jana, tuko Buhongwa, na kumkalisha ale inataka watu wawili. Dada akienda kazini mchana nabaki nae mwenyewe. Nikaona nimtengenezee kitanda, upande wa mgongo unyanyuke kwa kubonyeza swichi tu.

Huyu jamaa akaniambia yake ni nyutoni 6000, yaani kama kilo 600, kasi milimita 40 kwa sekunde, volti 12, ampea 3, "hii mzee unanyanyua hata gari". Nikalipa kwa simu, jina lililotokea halikuwa lake, akasema ni la wife, nikapuuza. Mzigo ukaja na basi.

Fundi wa kuchomelea akaifunga. Sikumlaza mama kwanza, namshukuru Mungu kwa hilo, niliweka mfuko wa simenti wa kilo 50. Ubao ukapanda kidogo, mota ikaanza kuguna, sauti ikawa kama mtu anatafuna mchanga, afu ubao ukashuka na mfuko wote puu! vumbi la simenti chumba kizima. Nilisimama pale muda mrefu naangalia ule mto ambao mama angelalia kichwa.

Tukaifungua. Ile nati inayopanda kwenye skrubu ndani ni ya plastiki, nyuzi zake zote zimekwanguka, zimebaki unga mweupe kwenye grisi. Wakati nafuta grisi pale kwenye bomba pembe ya stika ikanyanyuka, nikaivuta taratibu kwa ukucha, chini yake kuna stika nyingine: nyutoni 750, milimita 12 kwa sekunde. Kaibandikia tu stika mpya juu!

Na ningepiga hesabu kabla nisingeibiwa. Nguvu zidisha kwa kasi ndo unapata wati. Nyutoni 6000 mara mita 0.04 ni wati 240. Umeme unaoingia ni volti 12 mara ampea 3, wati 36. Sasa wati 36 zinaingia 240 zinatoka, hiyo haipo, ni kuchota ndoo moja ziwani ukafika nyumbani na ndoo sita. Tena skrubu zenyewe zinapoteza nyingi kwa msuguano. Aktueta ya volti 12 yenye nguvu kweli huwa inatembea polepole sana, milimita chache tu kwa sekunde, kwaiyo ukiambiwa ina nguvu nyingi na mbio nyingi na inakula umeme kidogo, rudisha simu mfukoni.

Hata ile 750 ingekuwa imeandikwa ukweli isingetosha kitandani. Ubao ukiwa umelala jeki nayo inakuwa imelala, na ikisukuma kwa pembe ya nyuzi kama 15 hivi inahitaji karibu mara nne ya uzito wenyewe, kilo 50 inakuwa kama nyutoni 2000. Hii wengi hatuiangalii, tunaangalia kilo tu. Pimeni pia urefu wake ikiwa imejifunga, tundu kwa tundu, na muulize inafanya kazi muda gani kabla ya kupumzika, nyingi ni asilimia 10, dakika 2 kazi dakika 18 inapoa.

Kuna rafiki yangu anafanya kazi Mwaloni, kule soko la samaki, huyo huyo muuzaji alimwambia hiyo hiyo inafaa kunyanyulia injini ya mtumbwi, eti haipitishi maji. Stika ya chini imeandikwa IP54, hiyo inazuia vumbi na maji ya kurukia tu, kwenye mawimbi haimalizi wiki. Nimemzuia kabla hajalipa.

Nilipomrudia muuzaji na picha za stika zote mbili akajibu "mzigo ukifunguliwa haurudi", afu akaniblock. Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Sahivi anatumia jina lingine na picha zile zile, mota ya fedha kwenye kitambaa chekundu.

Kama unayo na hujaifunga, bandua stika kwanza. Na kama umeshaifunga kwenye kitanda au kiti cha mtu, naomba sana usimlaze leo, weka mfuko uone. Mama yangu bado tunamwegemeza kwa mito.