Suti ya kaptula: tathmini ya vazi lililochekwa kwenye fainali ya NBA

Tarehe 31 Mei 2018, LeBron James, nyota wa Cleveland Cavaliers, aliwasili katika ukumbi wa Oracle Arena, Oakland, kwa mechi ya kwanza ya fainali ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kati ya Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors, akiwa amevaa koti la kijivu, shati jeupe, tai, miwani myeusi na kaptula ya kitambaa kilekile cha koti. Mpira haujarushwa, picha yake ilikuwa imeshazagaa mitandaoni, wengi wakimfananisha na mtoto wa shule.

Suti hiyo ilitoka kwa Thom Browne, mbunifu wa New York ambaye suti zake LeBron aliwanunulia wenzake wote msimu ule ili wazivae wakienda kwenye mechi za mtoano. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza, na hatimaye nikampelekea fundi wangu picha anishonee inayofanana nayo, kwa hiyo nayaandika haya baada ya kuivaa.

Ubora wake wote umo kwenye koti. Browne hukata koti fupi na la kubana, mikono ikiishia mahali ambapo ncha za mikono ya shati huonekana, na ndiyo maana hata mtu mwenye urefu wa mita 2.06 alionekana nadhifu. Fundi wangu alilipatia koti, mabega yakakaa sawasawa na bitana haikuvuta, lakini kaptula aliikata pana kama ya sare ya shule ya msingi. Nilimrudishia; akaipunguza mapajani, akapandisha upindo hadi kidole kimoja juu ya goti na kuushona kwa mkono ili uzi usionekane, na hapo ndipo ikawa suti.

Kwetu Tanzania, kaptula ya bluu na shati jeupe ndiyo nguo ya mwanafunzi wa kiume wa shule ya msingi, kwa hiyo naelewa kicheko kilitoka wapi. Hata hivyo, kule kwenye visiwa vya Bermuda wanaume huenda ofisini na koti, tai, kaptula na soksi ndefu, wala hakuna anayegeuka kuwatazama. Mtu aliyefunga pointi 51 usiku uleule, timu yake ikafungwa 124 kwa 114 katika muda wa nyongeza, hakustahili kukumbukwa kwa magoti yake.

Kwa joto la Dar es Salaam vazi hili ni raha tupu, ingawa ukikaa kaptula hupanda, na soksi fupi huharibu kila kitu. Ukweni sitaivaa. Kwenye sherehe ya jioni nimeivaa mara mbili, na mara ya pili mzee mmoja aliyekuwa askari polisi aliinama, akaushika upindo kwa vidole viwili, akaniambia kaptula zao zilitiwa wanga mpaka zikasimama zenyewe. Nilijaribu wanga nyumbani, kitambaa kikaacha madoa meupe. Sufu haitaki wanga. Ipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu, na mkunjo wa mbele utakaa siku nzima.