Mpima uzito wa ndege aliyenipandisha presha

Jamani, kama mnajiundia ndege na mnatafuta mtu wa kuja kuipima uzito, huyu wangu mwepukeni. Au basi, mwiteni, lakini msimwache peke yake na ndege.

Niko Texas, naunga RV-7, ndege ndogo ya viti viwili, hii yangu ya gurudumu la mkia, ribiti kwa ribiti, mwaka wa saba huu. Mkaguzi hatoi cheti cha kuruka bila karatasi ya uzito na urari, nami nikaona nisifanye ubahili, nikamwita mtu mwenye mizani zake za elektroniki. Jina namsitiria.

Alichelewa saa mbili. Hilo nasamehe, sisi wenyewe tunajijua. Akaingia hangani bila salamu, akapandisha magurudumu mawili makubwa kwenye mizani, la mkia kwenye mizani ya tatu, pale pale sakafuni. Nikangoja auinue mkia. Wapi! Mlango wazi, upepo unapapasa mabawa, namba zinacheza. Nikamwambia kwa adabu: fundi, si tuweke mkia kwenye stendi kwanza, tushike pimamaji, ndege ikae sawa ndipo tusome? Akanitazama kama mtoto aliyedakia maneno ya wakubwa. Eti ndege alizopima ni nyingi kuliko umri wangu. Mkia ukasoma pauni 93. Akapiga hesabu kwenye simu huku anatafuna chipsi, akatoa hukumu: mkia mzito, hamisha betri au funga risasi mbele, yaani madini yale mazito.

Ndege ikikalia mkia imeegemea nyuma, na sehemu ya uzito wake inahamia kwenye lile gurudumu dogo. Halafu yeye akachukua namba hiyo akaizidisha kwa umbali wa gurudumu hilo niliokuwa nimeupima kwa timazi na chaki ndege ikiwa sawa kabisa. Ni kama kumpima mtu kimo akiwa amechuchumaa.

Sikulala siku kadhaa. Kwenye ndege hii mafuta yako mbele ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika, ndani ya mabawa, kwa hiyo kadiri unavyoyachoma kitovu kinarudi nyuma. Unaweza kuruka vizuri ukaharibikiwa wakati wa kutua, pua inapanda nawe unasukuma kijiti cha kuongozea mpaka mwisho haitii. Nilishanunua risasi. Betri nilishaifungua! Mama watoto akaniuliza kama kweli nitampandisha kwenye kitu hicho, sikuwa na jibu.

Mwishowe wenzangu wanaounda ndege wakaniazima mizani. Tukafunga milango, tukainua mkia, pimamaji ikatulia. Mkia: pauni 57. Pauni 36 unaziona ndogo, ila gurudumu lile liko mbali, zinakisogeza kitovu karibu inchi 6, wakati nafasi yote ninayoruhusiwa ni inchi 8 na ushei. Ningeifuata ile karatasi ningeruka na mzigo wa risasi puani, nikitibu ugonjwa ambao ndege haikuwa nao. Nyota moja, na hiyo ni ya petroli aliyochoma kuja.

Ila nisimwonee. Jumla ya mizani zake na za wenzangu ilitofautiana pauni moja tu. Mizani zake ni nzuri, pengine kuliko zile za kuazima. Nyota mbili.

Na kuna kitu sijakisema. Siku ile aliniuliza uzito wangu ili ajaze fomu. Nikamwambia 180. Akaniangalia tumbo, akaigonga mizani kwa kiatu, "Panda." 203, mbele ya mama watoto, ambaye alicheka hadi akakaa chini. "Baba Neema, na hizo 23 umezificha wapi?" Kiti changu kiko nyuma ya kitovu, kwa hiyo kila pauni niliyoidanganya ingekwenda upande ule ule ninaoulalamikia. Kwenye hesabu mpya, tukipanda wawili na matangi yakikaribia kuisha, tumebaki ndani ya mpaka, lakini mabegi mawili imebidi yawe moja. Hilo hakulikosea yeye.

Basi tuseme tatu. Hapana, mbili na nusu, zile chipsi bado zinaniuma.

Nikimaliza kupaka rangi lazima ipimwe upya, rangi nayo ina uzito wake. Juzi nilimpigia simu. Hakupokea.