Kura za kwanza au hesabu ya mwisho: historia ya jimbo la Frome isomweje?
Kwa jimbo la uchaguzi la Frome, South Australia, ambako mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, kura za chaguo la kwanza (namba moja) ni rahisi kulinganisha mwaka hadi mwaka, na zinaonyesha chama kina wafuasi kiasi gani. Ila zinaweza kukudanganya kabisa. Uchaguzi mdogo wa 2009, mgombea binafsi Geoff Brock alikuwa wa tatu, chini ya robo ya kura hizo. Kura za walioenguliwa kwa kuwa na kura chache zaidi zilipogawiwa kwa chaguo lililofuata, akampita wa chama cha Labor, kisha wa chama cha Liberal, akachukua kiti. Hesabu ya mwisho, ya wagombea wawili wanaobaki, ndiyo inayolieleza hilo. Tatizo lake, wawili hao hubadilika uchaguzi hadi uchaguzi. Mipaka nayo (huchorwa upya baada ya kila uchaguzi mkuu!) inazisumbua njia zote mbili. Unafuatilia nguvu ya chama kwa miongo? Tumia za kwanza. Wa kujua kiti kilipatikanaje, ashike ya mwisho.